Masada: maji yalitoka wapi, na mzee atafikaje juu?

Swali: Ndugu zangu, kundi letu la mahujaji litapita Masada, kando ya Bahari ya Chumvi. Je, waliozingirwa katika ngome hiyo ya jangwani walipata wapi maji, na mama yangu mzee ataweza kufika kileleni?

Jibu: Yalikuwa maji ya mvua. Mfalme Herode, aliyeijenga ngome hiyo katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alichimbisha mabirika makubwa ndani ya mwamba, na mafuriko machache ya mabondeni yakaelekezwa humo kwa mifereji, hata Wayahudi walioitwaa mwaka 66 baada ya Kristo wakaweza kukaa miaka kadhaa, mpaka Warumi waliowazingira walipojenga tuta la kupandia ngomeni upande wa magharibi. Kwangu mimi, mabirika hayo yanastaajabisha kuliko kasri lenyewe.

Jibu: Mama apande gari la waya, upande wa mashariki. Wenye nguvu wapande kwa miguu Njia ya Nyoka, njia yenye kupindapinda, alfajiri, wakiwa na maji ya kutosha.

Jibu: Nyongeza: habari ya Wayahudi 960 wa ngome hiyo kufa kwa mikono yao wenyewe tunaipata kwa Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, peke yake, kwa hiyo msikilizeni mwongoza watalii kwa uangalifu.