Tupeane uzoefu: umewahi kulea vitoto vya sungura au simbilisi vilivyofiwa na mama?

MtunzaVibanda
Wakuu, habari za usiku. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kitoto cha sungura nilichokivisha soksi. Mama yao amekufa juzi, siku ya 6 tangu azae. Jioni alikataa majani, tumbo likajaa kama ngoma, asubuhi nikamkuta amelala ubavu, kichwa kimeelekea mlangoni. Ameacha vitoto 7. Leo viko 5.

Kilichonisukuma kufungua uzi ni yale manyoya aliyojinyofoa kifuani akatandika sanduku la kuzalia. Bado yana harufu yake. Nimekumbuka zamani nyumbani tulifuga simbilisi, mama akafa akaacha watatu, hatukufanya lolote, wakakua wenyewe kwa nyasi. Nikadhani na hawa watajikaza vilevile. Viwili nilivyozika vimekufa kwa dhana yangu hiyo. Mliopitia haya semeni, hata kama habari ni mbaya.

BibiNyasi
Pole sana mwanangu. Usijilaumu, wengi tumeingia hapo. Simbilisi hukaa tumboni siku 59 mpaka 72, kwa hiyo anatoka ameshakamilika: manyoya yapo, macho yako wazi, meno yapo, siku ileile unamkuta anatafuna jani. Sungura hubeba mimba siku 31 tu. Anatoka uchi, kipofu, na macho yanafunguka siku ya 10 hivi. Hao wako bado ni kama hawajamaliza kuzaliwa.

Joto kwanza, maziwa baadaye. Kitoto kilichopoa ukikinywesha, maziwa yanalala tumboni bila kusagika. Chupa ya maji ya moto izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa sanduku, ili wakizidiwa na joto wajisogeze. Na hayo manyoya ya mama yao usiyatupe, warudishie.

Kaka Mdogo
Bibi amemaliza. Joto kwanza.

MtunzaVibanda
Asante Bibi, shikamoo. Nimeyarudisha. Wamejichimbia humo, naona manyoya yanapanda na kushuka tu.

Baba Pacha
Pole mkuu. Mimi nililea vinne kwa maziwa ya ng'ombe, ya kawaida kabisa, nikichemsha na kupoza. Vitatu vilifika ukubwani. Usihangaike na mambo magumu, kila baada ya saa mbili unapiga sirinji moja, mchana na usiku.

Dada Manyoya
Baba Pacha, kwa heshima yako, hapo nakataa. Maziwa ya sungura ni mazito mno kwa mafuta na protini. Ya ng'ombe kwake ni kama maji, na mara nyingi yanamharisha. Akikosa kabisa atumie ya mbuzi, au yale ya unga yanayotengenezwa kwa watoto wa paka. Na kila saa mbili ya nini? Sungura mama mwenyewe ananyonyesha mara moja kwa siku, mara mbili akizidisha, dakika tatu hadi tano, kisha anaondoka. Ukikishika kitoto usiku kucha unakichosha, na kadiri unavyokinywesha mara nyingi ndivyo maziwa yanavyopata nafasi ya kuingia kwenye mapafu.

Wa wiki moja mpe mililita 6 au 7 kwa mlo, mara mbili kwa siku. Wakifika wiki mbili mpe 12 au 13. Akae wima au alalie tumbo kama anavyolala sandukuni, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Tone moja mdomoni, ameze, ndipo tone jingine. Maziwa yakitokea puani, simama hapohapo.

Baba Pacha
Dada, mimi nasema nilichokifanya kwa mikono yangu. Vitatu vilipona.

Dada Manyoya
Na cha nne?

Baba Pacha
Cha nne kiliharisha siku mbili kikafa. Sawa, nimekuelewa.

Kaka Mdogo
Mkuu, limesahaulika jambo moja. Macho yakiwa bado hayajafunguka, kila baada ya mlo chukua pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu, mfute taratibu sehemu za haja mpaka akojoe. Mama yao hufanya hivyo kwa kulamba. Mimi sikujua, nikapoteza kimoja kibofu kimejaa. Nilikuwa na maziwa sahihi, joto sahihi, na bado kikafa.

Mama Zizi
Kabla ya sirinji na yote hayo: hakuna sungura mwingine aliyezaa karibu? Kama yupo mwenye watoto wa umri huo, wakipishana siku moja au mbili si neno, mpelekee. Mtoe kwanza nje ya sanduku, vifikiche vitoto kwa manyoya ya sanduku lake, vichanganye katikati ya wake, subiri kidogo ndipo umrudishe. Nimefanya mara nyingi. Asubuhi unaangalia matumbo: aliyenyonya anakuwa na tumbo la duara na ule mstari mweupe wa maziwa unaonekana chini ya ngozi. Asiyenyonya ngozi yake inakunjamana kama ya mzee.

MtunzaVibanda
Mama Zizi, jirani yangu ana mmoja alizaa siku mbili baada ya wangu, ila ana watoto 8. Naogopa kumzidishia.

Mama Zizi
Mpelekee wawili walio wadogo kabisa. Wenye nguvu baki nao wewe.

Mtembea Jioni
Nimesoma hapo juu kuhusu mama kunyonyesha mara moja kwa siku nikaweka simu chini. Ngoja niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hata nyumbani.

Nilikuwa nafyeka nyasi pembeni ya shamba. Panga likapita juu ya shina la majani, na chini yake, katika kijishimo kidogo kisichozidi upana wa kiganja, alikuwepo mtoto wa sungura pori. Hakukimbia. Macho wazi, manyoya kamili ya rangi ya udongo, masikio yamelala mgongoni. Nikatazama huku na huku, mama hayupo. Nikasema maskini, yatima huyu. Nikamtia ndani ya kofia nikaenda naye.

Nilimpenda mno. Nilimnunulia sirinji mpya, nikamtengea boksi lenye nyasi laini, nikaamka usiku kumtazama. Siku ya kwanza alikunywa kidogo. Siku ya pili akawa anajirusha kila nikimshika, moyo unadunda hadi nausikia kwenye vidole. Siku ya tatu nikamlaza chali kwenye mapaja ili nimnyweshe vizuri. Povu la maziwa likatoka puani. Akapiga chafya mara mbili. Usiku ule alipumua kwa sauti kama karatasi inayokunjwa, na alfajiri alikuwa amekauka mkononi mwangu.

Baadaye mtu anayeokoa wanyama ndiye aliyenieleza. Sungura pori wa aina ile hachimbi shimo wala hatengenezi sanduku. Anazaa watoto waliokamilika, kila mmoja anajibanza mahali pake bila kutikisika, na mama anakaa mbali makusudi ili harufu yake isivute maadui. Jua likizama ndipo anarudi, ananyonyesha dakika chache, anaondoka tena. Kwa hiyo yule hakuwa yatima. Mama yake alirudi jioni ile akakuta majani yaliyofyekwa.

Mwaka uliofuata nikaona mwingine, karibu na palepale. Safari hii niliweka panga chini, nikarudi nyuma taratibu, nikakaa mbali chini ya mti mpaka mbu wakanimaliza. Giza lilipoanza kuingia nyasi zikatikisika, na kile kitoto kikatoka kwenye maficho, kikafuatwa na cha pili ambacho sikujua kama kipo. Mama akaja kwa kurukaruka, akasimama, akainua kichwa. Vikaingia chini yake. Havikumaliza muda wa kuvuta pumzi mia. Akaruka pembeni, akapotea, na vitoto vikaachana, kila kimoja upande wake.

Niliporudi nyumbani sikuweza kula.

Kaka Mdogo
Daah. Pole kaka. Nimesoma mara mbili.

Dada Manyoya
Machozi yamenitoka. Asante kwa kuandika.

Mwana wa Shamba
Lakini si wanasema ukishamgusa tu mama anamkataa? Basi ukishamshika huna la kufanya, bora umlee.

Mtembea Jioni
Si kweli ndugu yangu. Harufu ya mkono wako haimfanyi amkatae mtoto wake. Kama umemchukua leo, mrudishe leo palepale ulipomtoa, kabla ya giza. Ningekuwa nimerudi na kofia yangu jioni ile, angenyonya.

BibiNyasi
Kwa wale sungura pori wa aina ya kuchimba, ambao watoto wao wanazaliwa uchi kwenye kiota kilichofunikwa manyoya na nyasi, kuna njia. Weka vijiti vyembamba viwili vitatu, vipishane juu ya kiota, uende zako. Asubuhi vikiwa vimesogezwa na watoto wana matumbo ya duara, mama yupo. Vikiwa kama ulivyoviacha na watoto wamepoa, hapo sasa tafuta mtaalamu wa wanyamapori. Yatima wa kweli ni yule uliyemkuta mama yake amekufa, au aliyejeruhiwa. Na akiwa ametoka mdomoni mwa paka, hata kama huoni jeraha, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, mate ya paka yana vijidudu vibaya.

Mwana wa Shamba
Sawa Bibi. Ila mimi nilikuwa na wazo: dume wa porini umpandishie majike wa kufuga upate mbegu ngumu isiyougua. Kuna aliyejaribu?

Mama Zizi
Mwanangu, hapana. Yule wa porini anayezaa watoto wenye manyoya ana kromosomu 48, wa kufuga ana 44. Hawazai pamoja, ni wanyama wawili tofauti. Utamtesa dume wa watu bure, na mara nyingi sheria hairuhusu kumweka mnyama pori bila kibali.

Mwana wa Shamba
Kwani kuuliza ni kosa? Mbona kila anayeuliza humu anapigwa kama ngoma.

Mama Zizi
Si kosa, nisamehe kama nimekuwa mkali. Umeuliza vizuri kabla ya kufanya.

Fundi Tundu
Uzi umehamia porini wote, naomba turudi kwa pimbi kidogo. Mimi nafuga pimbi, na...

Kaka Mdogo
Pimbi ni yule wa kwenye mawe mkuu. Hawa wa nyumbani ni simbilisi.

Fundi Tundu
Kwetu tumekua tukiwaita pimbi, na wananielewa. Tuendelee tafadhali, habari yenyewe ni nzito.

Nilikuwa na simbilisi jike nimpendaye kuliko wote, ananiita kwa mluzi akisikia mfuko wa majani. Sikutaka azae mapema, nikaona bado mdogo. Nikamwekea dume akiwa na miezi 11. Mimba ikakubali, tumbo likawa kubwa hata kutembea tabu. Siku ya kuzaa alijikunja kutwa nzima, damu kidogo, hakuna kitoto. Daktari wa mifugo aliponiambia nilinyamaza. Jike wa simbilisi asipozaa kwa mara ya kwanza kabla ya miezi 6 au 7, ile mifupa ya nyonga inashikana, na haifunguki tena kupitisha mtoto. Vitoto vyao ni vikubwa, haviwezi kupita. Alifanyiwa upasuaji, hakuamka. Watoto wawili walitoka hai, mmoja akaishi. Anatafuna nyasi pembeni yangu hapa ninapoandika.

Nilidhani namhurumia kwa kumchelewesha. Kama hutaki azae mapema, basi asizae kabisa, mtenge na dume maisha yake yote.

Dada Manyoya
Pole sana Fundi. Na watoto wa kiume watolewe kwa mama wakifika wiki tatu, wanaanza kupanda hata mama yao. Na baba yao atolewe kabla mama hajazaa, maana jike anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku ileile aliyojifungua.

Huyo mtoto aliyebaki unampa vitamini C? Simbilisi hawezi kujitengenezea mwenyewe, ni kama sisi. Akikosa anaanza kuchechemea, viungo vinavimba, manyoya yanakuwa makavu. Pilipili hoho mbichi kila siku inamsaidia. Vitamini hiyo usiitie kwenye maji ya kunywa, mwanga unaiharibu. Na chakula cha punje cha sungura hakina ya kumtosha.

Fundi Tundu
Nampa hoho, anaipenda mno. Namfuga na sungura mmoja apate mwenzake.

BibiNyasi
Fundi, watenganishe leo. Teke moja la sungura linavunja mbavu za simbilisi. Na sungura hubeba vijidudu vya mapafu ambavyo yeye havimsumbui, simbilisi akivipata anakufa kwa nimonia. Mtafutie simbilisi mwenzake. Tena akiugua, usimpe vidonge vya amoksilini vya nyumbani, yeye wala sungura. Vinaua vijidudu vizuri vya tumboni na mnyama anakwenda haraka. Mimi niliua wawili kwa kidonge kimoja nilichokigawa nusu kwa nusu.

Fundi Tundu
Nimeshamtoa Bibi. Analia lakini nimemtoa.

MtunzaVibanda
Wakuu, nimerudi. Siku ya 12 leo. Wawili wako kwa jirani, asubuhi nilikwenda kuwaona, matumbo duara na ule mstari mweupe upo kama alivyosema Mama Zizi. Hapa nimebaki na watatu. Wanakunywa 10 kwa mlo na jana mmoja alining'ata kidole akitafuta sirinji. Wawili macho yamefunguka. Wa tatu, yule wa kwenye soksi, jicho moja limeng'ang'ana na kuna usaha wa njano kwenye kona. Nifanyeje?

Dada Manyoya
Chemsha maji, yapoe hadi uvuguvugu, tia chumvi kidogo tu. Lowesha pamba, iweke juu ya jicho mpaka gamba lilainike, ufute kuelekea nje. Kope zikilegea zitenganishe taratibu kwa vidole, usilazimishe. Rudia kila mlo. Kesho usaha ukiwepo bado, daktari.

MtunzaVibanda
Naweka maji jikoni sasa hivi.

MtunzaVibanda
Limefunguka nusu. Ananitazama.