Mrejesho: mauzo ya katalogi kwa ajili ya kitabu cha mwaka

Wakuu, niliuliza tuuzeje bidhaa za katalogi (watu wanachagua kwenye orodha na kuagiza, faida inabaki shuleni) shuleni kwa mwanangu huku Ohio, Marekani, ili kitabu cha mwaka, yaani kile cha picha za wanafunzi na matukio ya mwaka, kishuke bei. Asanteni sana. Kudai hela papo hapo na oda kumetuepusha na madeni kabisa, na karatasi za oda ambazo wazazi walipeleka kazini ziliuza kuliko watoto wenyewe. Mishumaa ilidoda, nadhani kwa bei ile. Unga wa biskuti uliokandwa na kugandishwa ulikwenda sana, ila siku ya kuchukua wengine hawakutokea, friza ya jikoni ikafurika. Atakayeuza huo aandike saa ya kuchukua kwenye oda. Kitabu kimeshuka bei kidogo tu. Pengo tunaziba kwa matangazo ya kulipia ya maduka ya jirani ndani ya kitabu, kama mlivyoshauri.