Umewahi kuboronga kazi kwa uchovu? Tupeane uzoefu

Wakuu, mimi ni mhasibu hapa Mbeya. Mwisho wa mwezi tulibaki wawili badala ya wanne. Siku ya tisa mfululizo, saa nne usiku, mshahara wa mlinzi nikauandika 2,400,000 badala ya 240,000. Nikahakiki mara mbili, naona uko sawa kabisa! Aliyeikamata ile sifuri ni binti wa fildi, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi. Kilichonitisha ni kwamba nilijiona niko fiti. Nyie mlijuaje mmezidiwa?

Suka wa Nyanda
Hujui, unaambiwa. Nilikaa na lori foleni mpakani Tunduma siku tatu, usingizi wa vipande, maana gari la mbele likisogea nawe usogee. Huku bosi anapiga simu. Nikavuka, nikapita Mbeya, Makambako, Iringa, sijalala. Nafika Kitonga, ule mteremko niliouteremka miaka na miaka, nikasahau kushusha gia. Kazi yangu ikawa kukanyaga breki tu, mpaka harufu ya kuungua ikaingia kebini. Utingo wangu, dogo mpole sana, akaniambia taratibu: "Suka, mbona tunashuka na gia kubwa?" Ndipo nikashtuka. Na macho yalikuwa wazi muda wote, jamani! Bahati mwendo ulikuwa haujachanganya. Nikashusha, tukatambaa hadi Ruaha Mbuyuni, nikalala mpaka jua la utosi. Posho ya safari ikakatwa. Sawa tu, wakate.

Nesi Mufindi
Zamu ya usiku, wodi nzima niko peke yangu. Nikianza kusoma kadi moja mara tatu, najua tayari. Dozi ya mtoto sipimi bila mtu wa pili kuitazama, hata nikimwamsha mwenzangu wa wodi nyingine akanuna.

Ticha wa Njombe
Wiki ya kusahihisha mitihani nilimwita mwanafunzi kwa jina la mbuzi wangu. Mbele ya darasa zima. Sina la kuongeza.

Mzee wa Kifungu
Mtoa mada, siku tisa mfululizo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka siku zisizidi sita kwa wiki, saa 45. Za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, tena kwa makubaliano, na zilipwe mara moja na nusu. Ulisaini makubaliano hayo?

Mtoa mada
Mzee wangu, mwezi huu nimesaini makaratasi mengi. Sikumbuki hata moja lilikuwa la nini.