Yule jamaa kaiita mashine yangu ya kukuza sauti, amplifaya, PASI, kwenye maiki, mbele ya watu!

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, hata viatu sijavua. Jina sitaji. Mnamjua. Yule yule wa "ongeza besi".

Mashine imekata wakati sherehe imepamba moto. Taa ya proteksheni, ile ya mashine kujikinga, nyekundu, ukumbi kimya, unasikia hadi watu wakimeza mate. Jamaa akadaka maiki ya zile spika ndogo za jukwaani: "Wapendwa tuvumilie, tumeletewa pasi."

PASI! Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi mmoja ilibidi ashikwe asidondoke.

Sasa nani aliunga spika 4 za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) sambamba kwenye chaneli moja? Hiyo ni omu 2, na nyuma ya mashine imeandikwa isishuke chini ya omu 4, kwa herufi ambazo hata aliye mwezini anazisoma. Nani alitupia koti kwenye matundu ya feni? Koti! Mashine inatafuta hewa, yeye anaifunika. Umeme nao kauvuta kwa ekstensheni nyembamba, nusu ya waya bado imeviringishwa. Volti zinapungua njiani, mashine inaanza kuklipu, yaani kukata vilele vya sauti, mapema, yeye akiona taa nyekundu anaongeza sauti. Kwake ile taa ni pambo la ukumbi. Hitisinki, kile chuma cha kutoa joto, ilichemka kiasi kwamba ukiisogelea nyusi zinaaga.

Halafu ndiyo naambiwa pasi. Na mama mkwe wangu alikuwepo.

Kipaza: Pole sana Bwana Pasi. Ni ya mvuke au ya kawaida?

Waya Mbili: 😂😂 Mkuu uko pande zipi? Nina shati limekunjamana.

Mleta uzi: Leo sina utani.

Fundi Omu: Mashine imekuokoa, mkuu. Imekata kabla transista hazijaungua. Ila koti usilibebeshe yote. Klasi AB, aina hii ya amplifaya, huchemka zaidi ikiwa kwenye kama asilimia 40 ya nguvu yake, siyo ikifika mwisho. Muziki uliobanwa (sauti ndogo na kubwa zikakaribiana) na besi mfululizo unaiweka hapo hapo usiku kucha.

Mzee wa Fyuzi: Si ndiyo ile iliyoandikwa wati 5000 kwenye boksi? Plagi ya ampea 13 kwa volti 230 haifikishi hata wati 3000. Zilizobaki anatoa mjomba?

Fundi Omu: Kapasita, mzee, zile za kuhifadhi umeme ndani ya mashine. Zinajaza pale mdundo unapopiga, kwa kitambo kidogo mno. Kwa mfululizo haiwezekani.

Mzee wa Fyuzi: Basi waandike "wati 5000 za kukonyeza".

Mleta uzi: Jamani, KASEMA PASI. KWENYE MAIKI.

Kipaza: Tumesikia, Bwana Pasi.

Besi Nzito: Afadhali wewe. Mimi nina anayeipuliza maiki fuu fuu, kisha anaipiga makofi kuona kama inafanya kazi. Twita zangu mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, marehemu.

Waya Mbili: Huyo ana nafuu. Kuna yule anayeazima waya za spika harudishi, ukimpigia anajifanya mtandao unasumbua.

Besi Nzito: Huyo namjua!! Jana alikuwa nazo ukumbini, nyeusi, zimezungushwa selotepu nyekundu.

Mzee wa Fyuzi: Selotepu nyekundu ncha zote mbili?

Besi Nzito: Ndiyo.

Mzee wa Fyuzi: Hizo ni zangu.

Fundi Omu: Mzee, mbona hizo nilikuazima mimi?