Naomba ushauri: redio ya Fielder kutoka Japani

Wadau, habari zenu. Nina Toyota Fielder ya 2015 iliyotoka Japani, na redio yake ya kiwandani imenichosha. FM yake inaishia 90, ilhali stesheni nyingi za hapa Nairobi ziko juu ya hapo. Menyu ni Kijapani kitupu.

Nilifungiwa kile kidude cha kushusha masafa. Radio Citizen, ambayo ni 106.7, naipata kwa namba nyingine kabisa, tena kwa mikwaruzo. Mama nampeleka kliniki kila wiki na hakosi taarifa ya habari. Inaniuma kumwona ameinamia spika ndio asikie.

Sasa nataka kufunga ya Android. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road anasema atakata plagi ya Toyota aunganishe nyaya kwa tepu. Hapo ndipo nakataa. Tepu hulegea kwa joto, na waya wa betri ukigusa bodi ni fyuzi kuungua, au mabaya zaidi. Jirani yangu alifungiwa hivyo, waya wa swichi ukaunganishwa moja kwa moja na betri. Redio haikuwa ikizima, kila asubuhi gari ni la kusukumwa.

Kuna aliyepata plagi ya kati, ile ya kuchomeka bila kukata chochote? Kamera ya nyuma na vitufe vya usukani viliendelea kufanya kazi? Na RAM ya GB 2 inatosha, ama nijikaze nichukue ya 4? Nitajieni pia bei mliyolipa, pamoja na ufundi.