Wazee, huyu msakinishaji wa kurasa za man, zile za mwongozo wa programu, amenigeuza Mpolandi mbele ya mteja!

Sitataja jina. Yeyote humu aliyewahi kufunga kifurushi cha Debian, ule mfumo wa Linux, anamjua. Huyo huyo, wa ukoo wa dh, zile programu ndogo za kufunga vifurushi.

Leo asubuhi niko kwa mteja Upper Hill, tai imenikaba. Nimewaletea skripti yao ya Perl, hesabu.pl, pamoja na ukurasa wa mwongozo niliouandika siku mbili nikishindia chai na mandazi. Faili nikaiita hesabu.pl.1, nikaiorodhesha kwenye ile faili ya .manpages ndani ya folda ya debian/, kifurushi kikajengwa bila hata kukohoa. Mkuu wao wa kompyuta, mama wa miwani ya kamba, akasema, "Haya kijana, tuone huo mwongozo." Akaandika man hesabu.pl, akabonyeza. Mashine ikasema hakuna.

HAKUNA!

Nikapiga dpkg -L, ile ya kuorodhesha faili za kifurushi, vidole vinatetemeka. Ukurasa upo. Upo wapi? /usr/share/man/pl/man1/. PL, jameni! Kifupi cha Kipolandi! Jamaa aliona .pl imetangulia .1, akaamua nimetafsiri. Mimi, ambaye safari yangu ndefu kabisa ilikuwa Namanga! Mama akavua miwani, akauliza polepole: "Kwani wateja wako wengine wako Polandi?" Hata kijana wa kuleta chai akacheka. Wa CHAI!

Na kwenye .TH, mstari wa kichwa wa ukurasa, nilikuwa nimeandika namba ya sehemu, 1, akaisoma vizuri, akaweka man1. Kumbe macho anayo! Nimerudi kwa matatu nikiwaza tu ile miwani ikivuliwa. Polepole.

Chapati Mbili: Imeandikwa kwenye mwongozo wake mwenyewe, tena huo huo mfano wa foo.pl na Polandi. Unaweka --language=C, asidhani ni tafsiri, kwisha. Yaani umeandika mwongozo bila kusoma mwongozo 😂😂

Mwenye uzi: Nani anasoma mwongozo saa nane usiku? Hukuona ile miwani wewe.

Fundi wa Githurai: Dzień dobry, bosi.

Kamba Mbili: Mimi alinipeleka man1 badala ya man8. Nikamtukana wiki nzima, kumbe ni mimi nilinakili .TH ya programu nyingine nikasahau namba. Yeye anafuata ulichoandika hapo, jina la faili analitazama pale .TH imekosekana au imeharibika.

Mwenye uzi: Umekuja kumtetea?

Dawa ya Mbu: Huyo ni malaika. Njooni tumzungumzie lintian, yule mkaguzi wa vifurushi. Nina programu ya mistari kumi na miwili inayosema "habari", na bado ananidai ukurasa wa man. Niandike nini? "Inasema habari"?

Fundi wa Githurai: Na "angalia pia: kwaheri".

Kamba Mbili: 😂😂 Mimi lintian alinikemea kwa tahajia. Kiingereza changu! Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa mpole kuliko huyo.

Chapati Mbili: Afadhali nyinyi mna stima. Huku Rongai imepotea tangu saa tisa, kifurushi kilikuwa kimefika nusu.

Dawa ya Mbu: Kuna mvua huko? Hapa stejini wameshapandisha nauli na ni manyunyu tu.

Mwenye uzi: Polepole, wazee. Aliivua POLEPOLE.

Chapati Mbili: Wameitisha ngapi?