Namhudumia mgonjwa huku moyo umechoka. Hii bado ni imani?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Kuna mama mzee tunayesali naye. Alipopata kiharusi akapooza upande mmoja, nilijitolea kumwangalia: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda, kufua mashuka. Mwanzoni kanisa zima lilikuja. Siku hizi wananiuliza mlangoni tu ibada ikiisha, "Mama anaendeleaje? Mwambie tunamwombea." Yeye mwenyewe amekuwa mkali, chakula kikipoa kidogo ni maneno. Kwenda nakwenda, ila nimenuna. Nikasoma 1 Wakorintho 13, kwamba hata nikitoa mali zangu zote bila upendo hainifaidii kitu, nikajiona mnafiki. Niendelee, au nipumzike mpaka moyo urudi?

FundiKimya: Usisubiri moyo. Kwenye Mathayo 21 kuna wana wawili: mmoja alimwambia baba yake "Sitaki", baadaye akaenda shambani, mwenzake alijibu vizuri na hakwenda. Yesu akauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya babaye. Wewe umenuna, lakini uko shambani.

Neema_Tupu: Tuwe waangalifu. Waefeso 2:8-9, tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Ukianza kuhesabu mashuka utaangukia kwenye kiburi.

MsomaNyaraka: Neema_Tupu, malizia na aya ya 10: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Mleta mada hajasema anafua ili anunue mbingu. Ubishi wa imani na matendo ni wa zamani. Tuuache. Mimi naona wanaosalimia mlangoni ndio wa Yakobo 2:16, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba."

Mzee_Saburi: Kila mtu abebe msalaba wake. Vumilia kimya kimya, thawabu yako iko mbinguni.

MuuguziMstaafu: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo kwenye "kimya kimya" sikubaliani nawe. Nimeuguza waliopooza. Mgonjwa anayegeuzwa kila baada ya saa mbili hivi hawezi kuwa wa mtu mmoja. Huyo mmoja atalala kitanda cha pili. Msamaria wa Luka 10 alimfunga yule mtu majeraha, akamtunza usiku ule, na kesho yake akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili amtunze, yeye akaendelea na safari. Hatumwiti mnafiki kwa kuondoka. Mitume nao kwenye Matendo 6 walipoelemewa, wajane wakawa wanasahauliwa, waliwaambia waumini wachague watu saba wa kuisimamia kazi hiyo.

Halafu huo ukali. Kiharusi kinaweza kubadilisha tabia, na huzuni nzito baada ya kiharusi ni jambo la kawaida. Mweleze daktari wake, inatibika. Huenda unachukua moyoni maneno ambayo ni ugonjwa.

FundiKimya: Na hiyo 1 Wakorintho 13 isome mbele kidogo. Upendo huvumilia, hufadhili, hauoni uchungu, hauhesabu mabaya. Paulo hajaandika popote kwamba upendo huamka umefurahi.

Mleta mada: Asanteni sana. Hilo la daktari sikuwahi kulifikiria. Nimemwandikia mzee wa kanisa: sikuomba maombi, nimeomba majina ya watu na siku zao. Amejibu kwamba kwanza "wataliombea", nikamwambia ninasubiri majina. Ila mama nitamwambiaje kwamba atakuja mtu mwingine? Ataona nimemtupa.

MuuguziMstaafu: Usimpe habari tu. Siku ya kwanza nenda na huyo mgeni, umfundishe mbele yake: bega lipi linauma, mto unakaa wapi. Mwache mama mwenyewe amsahihishe, atafurahi kuwa na wa kumfokea mpya.